Jifunze kuzungumza Kiingereza kwa hadithi mbili: tamasha usilolisahau na safari ya kwenu asili

Wanafunzi wanaokuja kwangu wakisema "Kiingereza nakielewa ila kuongea siwezi" siwaanzishii kitabu. Nawapa kazi mbili. Ya kwanza: nisimulie tamasha la muziki ulilohudhuria ambalo mpaka leo linakukaa moyoni. Ya pili: niambie kuhusu mahali walikotoka mababu zako, mahali ambako hujawahi kufika na unatamani kufika. Tunashinda na hadithi hizo mbili kwa wiki kadhaa, na hatuendi kwingine mpaka mwanafunzi aweze kuzisimulia bila kushika karatasi.

Nimezichagua hizo kwa sababu ya sarufi iliyomo ndani yake. Tamasha limeshapita, kwa hiyo linakulazimisha utumie wakati uliopita mfululizo bila kupumzika. Safari bado, kwa hiyo inakudai maneno ya matumaini na masharti: ningependa, ningekuwa na nafasi ningeenda, nikifika nitafanya hivi. Katikati wapo mababu wenyewe, na habari zao nyingi ni mambo waliyokuwa wakiyafanya zamani kwa mazoea. Ukiyaweza hayo matatu, umeshika sehemu kubwa ya sarufi ya mazungumzo ya kila siku. Tena ni mambo unayoyapenda. Mtu anapozungumzia anachokipenda hutafuta neno kwa bidii, na neno alilolitafuta mwenyewe halimtoki upesi.

Kama unajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, utaona kazi hii inafanana sana na unachoendea kufanya. Mahojiano ya mdomo huchukua dakika 11 hadi 14. Katika sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa ukiwa na karatasi na penseli, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Tukio unalolikumbuka na mahali unapotamani kwenda ni aina ya mada zinazozoeleka sana pale.

Tamasha: anza na ulichokiona

"It was very nice. The music was good. I was very happy." Ndivyo alivyoanza binti mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo. Sentensi zote sahihi, na hakuna hata moja iliyonionyesha kitu. Nikamwuliza kwa Kiswahili: ulisimama wapi? Mbele yako alikuwa nani? Pale jukwaani ulimtazama nani zaidi?

Akafikiri, kisha akasema, "Mwalimu, nilimtazama mpiga ngoma." Katikati ya wimbo kijiti kimoja kilimponyoka. Mpiga ngoma hakusimama. Mkono wa kushoto uliendelea na kazi. Wa kulia ukashuka hadi kwenye mfuko uliokuwa umening'inizwa ubavuni mwa ngoma, ukachomoa kijiti kingine, na pigo lililofuata likaangukia mahali pake kabisa. Wengi hawakuona. Yeye aliona, na pale darasani alinionyesha kwa mikono yake miwili jinsi ilivyokuwa, mmoja ukigonga meza na mwingine ukipapasa chini ya kiti.

Nikamwambia: sema hilohilo. Likatoka taratibu, huku akisimama kutafuta maneno: "The drummer dropped a stick. He didn't stop. He reached down, pulled out another one and kept playing." Tazama alichokipata kwa ajili ya kijiti kimoja: kudondosha, kusimama, kunyoosha mkono, kuchomoa, kuendelea. Vitenzi hivyo atavihitaji akidondosha funguo, akichomoa kitambulisho, akiendelea na kazi. "Nice" na "happy" visingempa hata kimoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii. Chukua karatasi, uandike kwa Kiswahili vitu ulivyoviona, ulivyovisikia na ulivyovigusa usiku ule. Usiandike maoni, andika vitu: mtu aliyekuwa mbele yako, mwanga, jasho, nyimbo, mlango, foleni ya kutoka. Halafu chagua kimoja ambacho mtu mwingine hakukiona, na hadithi yako uijenge kukizunguka hicho.

Ukianza kuihamishia kwenye Kiingereza, kuna mambo machache ambayo Kiswahili chetu kitakutega.

La kwanza ni kitenzi "kupiga". Sisi tunapiga ngoma, gita, kinanda, makofi, mluzi, kelele, picha na simu. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kubeba yote hayo. Ala huchezwa: "play the drums", "play the guitar", na hiyo "the" usiiache. Makofi ni "clap", mluzi ni "whistle", kelele za shangwe ni "cheer", picha ni "take a photo". Andika orodha yako mwenyewe ya kila unachopiga kwa Kiswahili, utafute mwenzake kimoja kimoja. Wanafunzi wangu wakishaifanya kazi hiyo, simulizi la tamasha hubadilika kabisa, maana tamasha karibu lote ni kupiga kitu fulani.

La pili ni -ka-. Tunasema: niliingia, nikatafuta nafasi, taa zikazimwa, watu wakapiga kelele. Tukishataja wakati mara moja kwa -li-, -ka- inaegemea hapo na hatuhitaji kuutaja tena. Kiingereza hakina egemeo hilo. Kila kitendo lazima kibebe wakati wake uliopita: "I went in, I found a place, the lights went out, people screamed." Kosa ninalolisikia sana ni kuanza vizuri na "I went in" kisha kuteleza hadi "I find a place, the lights go out". Dawa yake ni kuzirudia sentensi kwa sauti huku ukitia mkazo wa makusudi kwenye kila kitenzi, mpaka sikio lenyewe lianze kukataa lile umbo lisilo sahihi. Na kwa mambo yaliyokuwa yakiendelea nyuma, yale tunayoyasema kwa "alipokuwa akiimba", tumia "while she was singing". Sentensi moja ya aina hiyo ndani ya hadithi inatosha kuipa kina.

La tatu, -me-. Katika Kiswahili cha mazungumzo utawasikia watu wakisema "nimemwona mwaka jana". Kiingereza kinakataa. Ukishataja lini, "have seen" inaondoka na "saw" inakaa: "I saw her last year."

Saa usizisahau. Tamasha la saa mbili usiku ni la "eight in the evening". Mtu akikosea hapa, hata kama sarufi yote imenyooka, msikilizaji wake atafika saa sita baadaye au kabla.

Matamshi ya hadithi yako

Sikufundishi matamshi ya lugha nzima. Yafanyie kazi maneno yaliyomo ndani ya hadithi yako tu. Mawili ndiyo yanayotusumbua zaidi.

Mwisho wa vitenzi, "-ed". Sisi tumezoea neno kuishia na irabu, kwa hiyo "danced" hugeuka kuwa kama "dansedi". Katika Kiingereza "-ed" huongeza silabi baada ya sauti ya t au d peke yake: "shouted", "waited", "started", "ended". Kwingineko haiongezi kitu. "Danced", "clapped" na "walked" huishia kwa t fupi iliyokatwa. "Played", "pulled" na "screamed" huishia kwa d iliyokatwa hivyohivyo. Jizoeze kufunga mdomo mara tu baada ya konsonanti ya mwisho. Gandisha, usiache irabu itoke.

Mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayapeleka kwenye Kiingereza bila kujua. Tunasema gita kwa kukaza mwanzo, lakini "guitar" hukazwa mwisho. "Audience" na "instrument" hukazwa mwanzoni kabisa. Katika hadithi ya pili utakutana na "ancestor", yaani babu wa zamani, na mkazo wake uko mwanzo: AN-cestor. Kikigeuka kuwa kivumishi, "ancestral", mkazo unahamia katikati: an-CES-tral. Piga mstari chini ya silabi yenye mkazo katika kila neno refu la hadithi yako. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na faida yake ni kwamba watu wataacha kukuuliza "umesema nini?"

Safari ya kwenu asili: kwanza wahoji wazee

Hadithi ya pili haianzii kwenye Kiingereza. Inaanzia kwa babu, bibi, shangazi, au mzee yeyote aliyebaki anayejua habari. Kaa naye, umwulize kwa lugha mnayoelewana: walitoka wapi, nani alitangulia kuondoka, walisafiri kwa njia gani, walikuwa wakifanya kazi gani, jina la mahali pale lilikuwa nani wakati ule na sasa panaitwaje. Swali hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Majina ya miji na vijiji hubadilika, mipaka nayo huhamishwa, na ukitaka kweli kusafiri siku moja utalihitaji jina la leo. Mwombe ruhusa umrekodi. Hata kama usingekuwa unajifunza Kiingereza, sauti ile ingefaa kuhifadhiwa.

Unaporudi mezani na habari zake, Kiingereza kitakubana kwenye jamaa. Mjomba, baba mdogo na baba mkubwa wote ni "uncle". Shangazi, mama mdogo na mama mkubwa wote ni "aunt". Ukisema "my small mother" hutaeleweka. Ukitaka undugu ueleweke, ufafanue: "my mother's younger sister". Kwa upande wa ukoo, "on my father's side" au "on my mother's side". Baba wa babu ni "great-grandfather", na kila kizazi unachopanda unaongeza "great" nyingine. Marehemu babu ni "my late grandfather". Usiseme "my grandfather is late". Wapo watu katika sehemu za Afrika watakaokuelewa, lakini wengine watadhani babu amechelewa na wataendelea kumsubiri.

Halafu kuna "yeye". Yetu ni moja kwa mwanamume na mwanamke, na hiyo ndiyo sababu hata watu waliosoma sana husema "my grandmother, he came from". Zoezi ninalowapa ni la ngazi tatu. Simulia maisha ya bibi peke yake, "she" mwanzo hadi mwisho. Kisha ya babu peke yake, "he" mwanzo hadi mwisho. Kisha wote wawili wakiwa pamoja safarini: yeye alibeba hiki, yeye alibeba kile. Ngazi ya tatu ni ngumu, na ndiyo hasa utakayokutana nayo katika mazungumzo ya kweli.

Kwa mambo ya mazoea, yale ya "walikuwa wakilima, walikuwa wakivua, walikuwa wakiimba jioni", chukua "used to": "They used to fish. They used to sing in the evening." Ni muundo mwepesi, hauna mabadiliko ya mtu wala idadi, na unafaa hadithi za wazee kuliko mwingine wowote. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mtu muundo mmoja tu wa kusimulia habari za ukoo wake, ningemfundisha huu.

Na neno "safari" liache nyumbani. Waingereza walilichukua kwetu, wakalipa maana ya kwenda kutazama wanyama. Ukimwambia mtu "I want to make a safari to my grandfather's village", atakuuliza kama kuna simba. Sema "trip" au "journey". "Travel" itumie kama kitenzi: "I want to travel there."

Ndoto: iseme kwa kiasi cha ukweli wake

Sasa unafika kwenye kutamani kwenyewe, na hapa nawasihi wanafunzi wasikimbilie "I will go". Kutamani kuna daraja, na kila daraja lina maneno yake. "I've never been there" inaeleza ulipo leo. Zingatia ni "been", kwa sababu "gone" humfanya mtu awe bado yuko huko. "I wish I could go" ni ya mtu ambaye mlango umefungwa. "I'd love to go one day" ni ya mwenye hamu bila mpango. "I hope to go" ina matumaini. "I'm saving up to go" ina pesa zinazowekwa kando. "I'm going in June" ina tiketi. Jiulize kwa dhati wewe uko wapi, uchague sentensi yako. Msikilizaji anaisikia tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza.

Katika masharti, Kiswahili kinakusaidia sehemu moja na kukupoteza nyingine. Kinakusaidia kwenye -ki-. "Nikifika, nitauliza nyumba ya babu": kitenzi cha kwanza hakina -ta-, na Kiingereza ni vilevile: "When I arrive, I'll ask for my grandfather's house." Ukijikuta unataka kusema "when I will arrive", kumbuka kwamba hata kwa Kiswahili hungesema hivyo.

Kinakupoteza kwenye -nge-. Sisi tunaiweka pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningeenda. Ulimi unataka kufuata: "If I would have money, I would go." Lakini "would" ya Kiingereza hukaa upande mmoja, ule wa matokeo. Upande wa "if" huchukua umbo la wakati uliopita ingawa unazungumzia leo: "If I had the money, I would go." Kwa -ngali-, yale yasiyoweza kurudi tena, hatua moja nyuma zaidi: ningalimwuliza mapema, angaliniambia, "If I had asked him earlier, he would have told me." Sentensi hiyo ya mwisho nimeisikia kutoka kwa wanafunzi wengi kwa maneno tofauti, kwa sababu karibu kila ukoo una mzee aliyeondoka na habari zake. Basi ijifunze vizuri. Inapokujia mdomoni, huwa unaimaanisha, na haipendezi kuikwamia.

Kuzifanya zitiririke

Hadithi mbili zikishapata umbo, usizikariri neno kwa neno. Aliyekariri hujulikana upesi: sauti inakuwa bapa, macho yanatazama juu, na akisahau neno moja zinapotea sentensi zote zilizofuata. Andika vishina tu kwenye kikaratasi: kijiti, mfuko, pigo. Bibi, mashua, jina la kijiji. Kwingine kote ujaze papo hapo, na kila mara ijaze tofauti kidogo.

Njia bora ninayoijua ya kupata wepesi ni ile iitwayo 4/3/2, ambayo mtaalamu wa ufundishaji lugha Paul Nation ameieneza sana. Unasimulia hadithi ileile kwa watu watatu tofauti: wa kwanza kwa dakika 4, wa pili kwa dakika 3, wa tatu kwa dakika 2. Habari hazibadiliki, muda ndio unaopungua, kwa hiyo akili haishughuliki tena na kutafuta la kusema. Inashughulika na kulisema upesi. Msikilizaji awe mtu mpya kila mara ili uwe na sababu ya kweli ya kusimulia. Kama huna watu, tumia simu yako. Jirekodi, kisha sikiliza ukitafuta kosa la aina moja tu: leo "-ed", kesho "he" na "she". Ukitafuta yote kwa pamoja utakata tamaa na hutarekebisha hata moja.

Kisha ziache hadithi zipumzike na uzirudie: kesho yake, baada ya siku chache, baada ya wiki, baada ya mwezi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba tunachojifunza hutoka kwa kasi mwanzoni. Ndiyo maana marudio ya kwanza yawe karibu, na ya baadaye yaachane.

Bado kuna maswali, kwa sababu mtu akipendezwa na hadithi yako atauliza. Jiandae kwa yale yanayorudi kila mara: kwa nini unataka kwenda huko? Nani anaishi pale sasa? Unaijua lugha yao? Utafanya nini kwanza ukifika? Kwa tamasha: ulikwenda na nani, na ungerudi tena? Kila moja liandalie jibu la sentensi mbili, moja ya kujibu na moja ya kuongeza kitu. Usipolisikia swali, "Sorry, could you say that again?" ni sentensi ya heshima na wazungumzaji wazawa huitumia kila siku.

Ukishajibu, rudisha mpira kwake: "What about you? Where is your family from?" Wengi wa wanafunzi wangu huliacha hili kwa sababu wanapumua wakiwa wamemaliza kusema, ilhali hapo ndipo masomo ya bure yanapoanza. Mwache asimulie. Sikiliza anapoweka "used to", anapomtaja nyanya yake, anapoeleza anachotamani na hajakipata. Neno usilolijua likipita, mwulize, uliandike pamoja na sentensi yake nzima kama alivyoisema, na usiku huo lijaribu ndani ya hadithi yako.